Miwani Myeusi kwa Hajati Zuhura

Nimekaa na aibu hii miaka mingi bila kuiandika, na si kwamba nimeisahau, ni kwamba kila nikikutana na rafiki yangu Kiwanuka yeye huisimulia kabla yangu, tena huisimulia vibaya (husema nilivaa kofia, na mimi sikuvaa kofia), kwa hiyo leo nimeamua kuiandika mwenyewe, nijiaibishe kwa usahihi. Ni kisa cha mtu aliyesoma chuo kikuu, aliyeandika gazetini kila wiki, aliyejiona anaijua hali ya nchi kuliko majirani zake wote, na ambaye Jumapili moja alitoka Mulago mpaka ufukwe wa Gaba bila kuelewa kwa nini Kampala nzima inampisha njia.

Ilikuwa miaka ile ya utawala wa jeshi. Nilikuwa nafundisha historia katika shule moja ya sekondari na pembeni naandika makala. Mwanzoni niliandika juu ya siasa, kisha siku moja mhariri akaniita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, wewe unapenda kutembea?" Nikamwambia sipendi. Akasema, "Kuanzia wiki hii unapenda." Basi ndivyo nilivyogeuka mtaalamu wa matembezi, nikawa nawasifia wasomaji hewa ya vilima, mandhari ya ziwa, faida ya kuvua samaki kwa ndoana na uzuri wa kulala hemani, yote hayo nikiyaandika nikiwa kwenye kiti changu nyumbani, miguu juu ya stuli, na ujuzi wangu wote wa samaki ukiwa umetoka kwenye sahani.

Maoni ya siasa hayakuniishia, yalirundikana tu ndani yangu. Kila mtu wakati ule alikuwa na maoni na hakuna aliyekuwa na mahali pa kuyaweka. Nyumbani kuna majirani, kazini kuna wenzako, kwenye pombe ndiyo usiseme. Ndipo Kiwanuka, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji pale Wandegeya, akaninong'oneza habari za Hajati Zuhura.

Hajati nilimjua kwa sura, kama wengi walivyomjua. Alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko la Wandegeya, mama wa makamo wa ukoo wa Kiislamu uliokuja na biashara kutoka pwani enzi za babu wa babu yake, mrefu, mkavu, sauti ya chini, Kiswahili chake kimenyooka kama kitambaa kilichotoka sasa hivi kwenye jora. Nilichokuwa sikijui ni kwamba kila Jumapili baada ya adhuhuri alikwenda Gaba kuvua samaki. Mwanamke, tena Hajati, tena na ndoana. Watu walikwisha kumcheka mpaka wakachoka. Pamoja naye walikwenda watu wachache, na sababu ya kwenda, alivyoniambia Kiwanuka, haikuwa samaki.

Walikuwa na utaratibu wao. Kila mtu anakaa ukingoni na mshipi wake, anatazama maji. Hakuna anayemgeukia mwenzake. Hakuna anayetaja jina. Mtu anasema alilonalo akiwa anaangalia chelezo chake kinavyoelea, na mwingine anajibu akiangalia chake, kiasi kwamba siku wakiitwa mahali na kuulizwa fulani alisema nini, kila mmoja anaweza kuapa kwa dini yake kwamba hakumwona mtu yeyote akifungua mdomo. Ukifika, husalimii. Unakaa mwisho wa mstari, unatupa ndoana, unasikiliza. Na walizungumza Kiswahili, kwa sababu mmoja wao alikuwa polisi kutoka kaskazini na mwingine fundi cherehani Mganda, lakini pia kwa sababu Kiswahili kilikuwa lugha ya kambini, mpita njia akikisikia alidhani hao ni watu wa askari, akaongeza mwendo.

"Nimekuombea nafasi," Kiwanuka aliniambia. "Amekubali uje Jumapili. Lakini, sebo, bwana wangu, yule mama akikukataa mara moja, amekukataa."

Ungeona furaha niliyokuwa nayo. Niliamini kabisa kwamba nikipata nafasi ile nitarudi kuwa binadamu.

Sasa wiki hiyohiyo nikaugua macho. Yalikuwa yameingia mjini yale macho mekundu yanayoambukiza, darasani kwangu nusu ya wanafunzi walikuwa wakinitazama kwa jicho moja, na Ijumaa yakanifika. Nilikwenda hospitali ya Mulago, nesi akanipa dawa ya kupaka inayofanya dunia ionekane kama imepakwa samli, akaniambia nisiyaache macho juani. Mtu mwenye akili angebaki nyumbani. Mimi nikaazima miwani myeusi ya shemeji yangu, aliyekuwa mpiga gitaa katika bendi, miwani mikubwa ya kufunika uso mpaka mashavuni, na kwa kuwa nguo zangu za kawaida zilikuwa kambani zimelowa, nikavaa shati langu la maua lenye kola kama masikio ya tembo, suruali ya bugaluu iliyopanuka miguuni, na viatu vya raizoni vyenye visigino virefu nilivyonunua kwa ajili ya arusi. Nikajitazama kwenye kioo. Sikujiona vizuri (ile samli), lakini nilichokiona kilinipendeza.

Mke wangu Edisa alikuwa mlangoni anachambua maharage. Akanitazama, akaacha kuchambua.

"Baba Sara, unakwenda hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Hivyo." Akatazama huku na huku kama kuna mtu chini ya kitanda. "Hiyo miwani vua."

"Nesi amesema nisiache macho juani."

"Nesi amesema utembee nayo mjini?"

Nikamwambia asiwe mshamba. Ni lazima niwaeleze wale ambao hawakuwepo: wale watu wa usalama waliokuwa wakichukua wenzetu mchana kweupe walikuwa na vazi lao ambalo si sare lakini kila mtoto alilijua, nalo lilikuwa shati la maua, bugaluu, raizoni na miwani myeusi. Hakuna aliyelitaja kwa jina. Ulikiona kivazi hicho kinakuja, ukavuka barabara. Mimi nilikijua vizuri kama wengine, ila mtu akiwa ndani ya nguo zake mwenyewe hajioni, anaona tu kwamba zimepigwa pasi.

Mkasa ukaanza kituo cha basi. Kulikuwa na foleni ndefu ya Jumapili, watu na vikapu vyao, na mimi nilipofika nyuma foleni ikafunguka yenyewe mpaka mbele. Mzee mmoja akaniambia, "Pita, sebo, pita tu." Kondakta akanipa kiti cha mbele na akakataa nauli kwa mikono miwili. Nikashukuru, nikatabasamu. Ndani ya moyo wangu (hapa ndipo aibu ilipo kubwa kuliko kule majini) nilifikiri wamenitambua kwa makala zangu. Nilikuwa nimeandika wiki iliyotangulia juu ya kupanda vilima kwa ajili ya mapafu, na nilifikiri, kweli makala ile imewagusa. Gaba nikashuka, mama anayechoma gonja akanifungia ndizi zake mbili zilizoiva vizuri kwenye jani, hataki kabisa malipo. Nikamwambia kwa heshima ya Kiganda anayopewa mama, "Asante, nyabo, endelea kusoma." Akasema, "Ndiyo, sebo." Maskini, sijui aliwaambia nini watu wake jioni ile.

Ufukwe ulikuwa umejaa. Familia zimetandika mikeka, watoto wanaogelea, na upande wa kushoto askari wa jeshi waliokuwa mapumzikoni walikuwa wakicheza mpira, mashati yao wameyatundika kwenye bunduki. Nikafuata njia ya mafunjo kama nilivyoelekezwa, nikaona mstari wa migongo: mgongo wa Hajati katikati, baibui jeusi na leso begani, kulia kwake bwana mnene ambaye baadaye nilijua ni Mukasa fundi cherehani, kushoto mtu mwenye mabega ya polisi, Sajini Odongo wa nyumba za polisi za Nsambya. Kiwanuka hakuwepo, alikuwa amechelewa kanisani. Nikafuata utaratibu. Sikusalimia. Nikakaa mwisho wa mstari kwenye tope, nikatupa ndoana yangu bila chambo (nilisahau kwamba inahitaji chambo) na nikasikiliza.

Nilimkuta Hajati anaendelea, na ninawaambia ukweli kwamba sijapata kusikia mtu akizungumzia habari za nchi kwa namna ile, wala kabla wala baadaye, na nimekaa kwenye mikutano mingi.

"Mimi silaumu redio yetu," alikuwa akiyaambia maji. "Haijanidanganya hata siku moja. Kila ikisema hali ni shwari, namtuma mtu akaninunulie chumvi na mafuta ya taa."

Odongo akacheka puani.

"Na gazeti je?" Mukasa akauliza chelezo chake.

"Gazeti linaanzwa nyuma. Ukurasa wa michezo kwanza. Timu ikifungwa imefungwa, waandike kwa herufi ndogo wanavyotaka, mabao yapo. Kisha matangazo madogo. Mtu akiuza kitanda, kabati na cherehani kwa siku moja, huyo anahama, mwombee afike. Kisha vifo. Ukurasa wa mbele mimi naangalia picha peke yake. Nani alisimama karibu na mkubwa wiki iliyopita, na leo pale pake pamesimama nani."

Nilisahau kuvuta mshipi. Mimi nilikuwa nikiandika katika gazeti hilohilo na sikuwahi kulisoma hivyo.

"Lakini hili agizo la wananchi watoke nje wafanye michezo," akaendelea, "hili naliunga mkono kwa moyo wote. Wangejua faida yake wangelifuta. Panda kilima cha Nsambya asubuhi mapema, utazame moshi wa majiko mji mzima. Mahali palipokuwa na moshi mwezi uliopita na sasa hakuna, hapo pameingia jambo. Hakuna mwandishi anayeweza kukwambia zaidi." Akavuta mshipi, akatoa ngege mdogo, akamrudisha majini. "Sasa juzi redio imesema yule bwana mwenye duka la dawa amekimbilia nchi jirani. Mimi ninasema hivi—"

Hapo Mukasa, alivyonisimulia baadaye, akanitazama kwa pembe ya jicho.

Sikumwona akinitazama, dawa ilikuwa imenijaa machoni. Nilichosikia ni sauti yake imepanda ghafla kama ya mtu anayeongea na kiziwi. "Na sukali," akasema Mukasa kwa matamshi yake ya Kiganda, "sukali imekuwa nyingi sana siku hizi."

Odongo naye akageuka, akanyanyuka, akasimama wima na mikono imenyooka ubavuni. "Na usalama mzuri," akasema. "Barabara yote salama. Mimi natembea usiku, mchana, hakuna shida."

"Hakuna shida kabisa," Mukasa akadakia. "Bei ya kitambaa nayo nzuri. Mimi nalala nacheka."

Nikachanganyikiwa. Watu waliokuwa wakisema kweli sasa hivi wanasifu sukari, sukari ambayo mjini kote hukuipata hata ya kutia kwenye chai ya mgonjwa. Nikajua kuna mtu wa hatari amefika. Nikageuka nyuma nimtafute. Nyuma hapakuwa na mtu, ila mafunjo. Nikatazama tena. Wao waliponiona nageuka wakadhani nawaita wenzangu, na Mukasa akaanza kusifu pia maji ya bomba. Mimi nikafikiri: kama mtu wa hatari hayuko nyuma, basi yumo humu kati yetu, na aliyesimama wima ni huyu mwenye mabega, basi ni yeye, na wamemgundua sasa hivi. Nikaona ni wajibu wangu kumkinga Hajati. Nikafungua mdomo, na kwa sauti ile ninayoitumia kwenye ukumbi wa shule nikasema kwamba mimi binafsi sijaona katika historia ya Afrika uongozi unaojali mapafu ya wananchi kama huu.

Odongo akanipigia saluti.

Nikaona saluti ile nikadhani ananidhihaki, nikazidi kuogopa, nikazidi kusifu. Nikataja barabara, nikataja mbegu za pamba. Mukasa akataja hospitali, mimi nikataja shule, Odongo akataja magereza (sijui kwa nini, nadhani maneno yalimwishia), na tukaendelea hivyo watu wazima watatu, kila mmoja akimwogopa mwingine, tukiyahutubia maji, na samaki wamekwisha kimbia zamani.

Hajati hakugeuka. Alisubiri mpaka tukaishiwa pumzi.

"Mmemaliza?" akauliza.

Akarusha mshipi wake upya.

"Nilikuwa katikati ya neno langu. Yule bwana wa duka la dawa hakukimbia. Mtu hakimbii nchi bila viatu, na viatu vyake viko mlangoni kwa mkewe mpaka leo asubuhi, nimeviona. Basi. Hilo ndilo nililotaka kusema."

Jamani! Sentensi kama ile, mwaka ule, mbele ya mtu usiyemjua, ilikuwa ni kujichimbia kaburi. Nikaruka nisimame nimzuie asiongeze, nimfunike kwa sifa zangu kabla ya yule Sajini hajapeleka habari, na nikasahau kwamba niko kwenye tope na nimevaa visigino vya raizoni. Mguu mmoja ukaenda Entebbe, mwingine ukabaki Gaba. Ndoana ya Mukasa ikanishika kola, nikazunguka nayo mara moja kama pia ya mtoto, nikaanguka ziwani kwa mgongo, na kishindo chake kikasikika ufukwe mzima.

Nilipoinuka maji yalikuwa kifuani, maua ya shati yametuna kama puto, miwani imekwenda, na watu wote wa ufukweni wamesimama wananitazama. Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu Kampala haikosi kumcheka mtu aliyeanguka majini amevaa raizoni. Kisha nikasikia miguu inakuja mbio, na ni wale askari wa mpira, koplo mmoja yuko mbele, kifua wazi, bunduki mkononi.

"Afande," akaniita, amejikaza kwa saluti. "Nani nasukuma wewe ndani ya maji?"

Afande. Hapo ndipo nilipoelewa. Ilinijia yote kwa mara moja, foleni, kondakta, gonja, saluti ya Odongo, sukari ya Mukasa. Nikatazama ukingoni. Mukasa alikuwa amepiga magoti. Odongo bado amesimama wima, jasho linamtiririka. Hajati peke yake alikuwa amekaa na mshipi wake, na koplo alikuwa anasogeza mtutu kuelekea kwao.

"Hii watu?" koplo akauliza. "Hii watu nasukuma wewe?"

Kama nikinyamaza, wamekwisha. Nikisema mimi si afande, nimekwisha mimi, maana kujifanya mtu wao lilikuwa kosa ambalo hukusikia aliyelifanya akarudi kusimulia. Nikasema, "Hapana. Mimi si afande. Mimi ni mwalimu."

"Mwalimu ya nini?"

"Ya historia."

"Historia," koplo akarudia, kama mtu aliyeambiwa jina la ugonjwa. "Basi kwa nini navaa kama—" Hakumalizia. Hata wao hawakulitaja. Sasa mtutu ukanigeukia mimi.

Ndipo Hajati akainuka. Akaingia majini na baibui lake mpaka kiunoni, akanishika mkono kama unavyomshika mtoto aliyetoroka kuogeshwa, akanitoa. Alikuwa hajui mimi ni nani. Alikuwa hajui kama huo ualimu ni kweli.

"Huyu ni mtoto wangu," akamwambia koplo. "Anaumwa macho, haoni. Ameteleza mwenyewe."

"Mtoto yako? Na hii nguo yake?"

"Nguo ni zake. Aibu ni yangu."

Akatoa leso yake begani akanifuta uso mbele ya watu wote, akaninyanyua kidevu ili koplo aone. Tope na dawa na tongotongo vyote vilikuwa vimechanganyika, macho yamevimba, mekundu kama nyanya zilizopondwa. Koplo akainama kutazama, kisha akaruka nyuma kiasi cha kumkanyaga mwenzake.

"Hii ugonjwa iko kambini," akasema. "Nusu ya watu nalala. Mama, peleka yeye Mulago. Na wewe mwalimu ya historia, hapana sogea hapa."

Wakaondoka kwa kurudi nyuma, bunduki na yote, na nadhani ni mimi peke yangu katika enzi ile niliyewafukuza askari wa jeshi kwa tongotongo.

Walipofika mbali ndipo ufukwe ukacheka. Nao walicheka, si mchezo. Kuna mtoto aliyeanza kuigiza nilivyozunguka na ndoana. Na katikati ya kicheko hicho Kiwanuka akatokea kwenye mafunjo na suti yake ya kanisani, akatazama mgeni wake aliyemwombea nafasi, amelowa, shati limekwama kwenye ndoana ya Mukasa, akasema, "Mwalimu, mbona umeanza kuvua kwa mikono?"

Odongo akakaa chini taratibu. "Kumbe ni huyu," akasema. "Kumbe mimi napigia saluti mtu wa makala ya vilima."

"Mimi nimesifu maji ya bomba," akasema Mukasa. "Kwangu hayajatoka tangu mvua za mwanzo."

Hakuna aliyemtazama mwenzake, na safari hii haikuwa kwa sababu ya utaratibu. Kila mmoja alikuwa amemsikia mwenzake akiwa na hofu, ambalo ni jambo baya zaidi ya kumwona yuko uchi. Nikajua nimewaharibia mahali pao. Nikamwomba Hajati radhi, nikamwambia sitarudi.

Alikuwa anakamua pindo la baibui. "Ulipoinuka kunizuia nisiseme," akaniambia, "ulikuwa unatetemeka mpaka kola inacheza. Wale hawatetemeki mbele yetu, mwanangu. Nikasema huyu ama mgonjwa ama mwenzetu."

"Lakini kabla ya hapo," nikamuuliza, "ulipomalizia habari ya yule bwana wa duka la dawa?"

"Kabla ya hapo nilijua wewe ni wao."

"Na bado ukasema."

"Mkewe ni jirani yangu. Kila jioni ananiuliza kama kuna mtu yeyote aliyesema kweli juu ya mumewe. Leo jioni nikamwambie nini, kwamba nilifika katikati nikaona miwani?"

Tangu siku ile nimesoma vitabu vingi juu ya ushujaa na swali hilo sijalipatia jibu.

Yaliyofuata mtayakisia. Leso aliyonifutia uso ndiyo aliyojifutia jasho njiani. Kufikia Jumatano Hajati Zuhura alikuwa amefunga macho dukani kwake, hawezi kusoma wala kupima kitambaa, na mjini kote hakuna aliyekuwa na shaka ni nani aliyemwambukiza. Edisa akanipa gazeti mkononi akanisukuma nje. "Nenda ukamsomee," akasema. "Na uvae nguo za mwalimu."

Basi wiki ile kila nilipotoka shule nilikaa kwenye kigoda nyuma ya majora ya khanga nikamsomea, michezo kwanza, kisha matangazo madogo, kisha vifo, na mwisho nikamweleza picha ya ukurasa wa mbele, nani kasimama wapi. Alisikiliza akiwa ameegemea ukuta, kitambaa cheupe machoni, na kila habari aliipa hukumu yake kwa maneno machache ambayo mimi ningeyatafutia kurasa nzima na nisiyapate. Nilijifunza kazi yangu pale. Siku moja wateja wawili wakaingia nikiwa kwenye habari fulani kubwa ambayo mjini kila mtu alijua si kweli, nikapunguza sauti, nikaanza kumung'unya.

"Sauti imekutetemeka," akasema Hajati. "Rudia."

"Kuna watu, Hajati."

"Hilo ni gazeti la serikali, unalisoma kama lilivyoandikwa. Rudia, polepole, wasikie vizuri kilichoandikwa."

Nikarudia. Nikaisoma ile habari yote jinsi ilivyo, neno kwa neno, bila kuongeza kitu na bila kupunguza, na wale wateja wakasimama na vitambaa vyao mkononi, na ilipokwisha mmoja wao akaguna kidogo, basi, akaguna tu, akalipa akaenda. Hajati akageuza uso wake uliofungwa kuelekea nilipo. "Jumapili njoo," akasema. "Na safari hii tia chambo."

Miwani ya shemeji bado iko kwenye tope la Gaba, na mimi sijavaa nyingine tangu siku ile. Jua likinichoma nakunja uso. Nikiwa naogopa, na bado naogopa mambo mengi, napenda mtu aliyekaa karibu nami ayaone macho yangu, ajue huyu hana wa kumpelekea habari, ili kama alikuwa katikati ya neno lake, aweze kulimaliza.